Dinari Mbili za Mwenye Nyumba: Historia ya Wagonjwa wa Akili wa Geel

Kila mara wakatekista wetu wanapoleta kwa padri shauri la mtu mwenye wazimu, husikika maneno mawili tu. Mmoja husema: mtu huyu ni wa jamaa yake, wamtunze wao. Mwingine hujibu: jamaa imechoka, shauri hili ni la Leta. Na kwa kuwa jamaa imechoka kweli, na Leta haionekani, mgonjwa hubaki katikati. Mara nyingine barabarani, mara nyingine amefungwa kamba nyuma ya nyumba, mara nyingine ndani ya chumba cha maombi cha watu wanaoahidi kumfukuza pepo kwa njaa na kwa mnyororo.

Katika kurasa hizi hatutaki kutoa hotuba juu ya mapendo. Wasomaji wetu wamezisikia nyingi, tena wengine wanazitoa wenyewe kila dominika. Tunataka kueleza historia ya mji mmoja wa Ubelgiji, jina lake Geel, ambako jamaa na Leta walikutana chini ya paa moja, mgonjwa akiwa katikati yao. Historia hiyo ina zaidi ya miaka 600. Wamisionari wengi waliotuletea dini walitoka katika nchi hiyo hiyo, lakini ni wachache kati yetu waliopata kusikia habari za Geel. Katika seminari tulijifunza mitaguso na makaisari. Nani alimlisha mwenye wazimu, na kwa feza za nani, hayo hatukuulizwa siku ya mtihani.

Geel ni mji wa jimbo la Antwerpen, katika nchi ya tambarare inayoitwa Kempen. Udongo wake ni mchanga, na zamani wakulima wake walikuwa maskini: ng'ombe wachache, shamba dogo, na mikono isiyotosha kazi. Msomaji asisahau udongo huo. Utatusaidia kufahamu mambo mengi ambayo miujiza peke yake haiyaelezi.

Masimulizi ya watu wa huko yanasema kwamba karibu mwaka wa 600 binti wa mfalme wa Irlandi, jina lake Dimfna, alikimbia nyumba ya baba yake. Mama yake, aliyekuwa mzuri sana, alikuwa amekufa. Mfalme alipatwa na wazimu kwa ajili ya huzuni, hata akataka kumwoa binti yake mwenyewe kwa sababu alifanana na mama yake. Dimfna alivuka bahari pamoja na padri mzee Gerebernus, wakafika hata Geel. Mfalme aliwafuata. Watumishi wake walimwua padri. Kumwua binti hakuna aliyethubutu, basi baba mwenyewe alimkata kichwa.

Je, mambo hayo yalitokea kweli? Aliyeyaandika kwanza ni kanoniki mmoja wa Cambrai, jina lake Petrus, katikati ya karne ya 13, yaani miaka 600 na zaidi baada ya mambo yenyewe, naye alisema wazi kwamba aliyapata katika masimulizi ya watu. Mwanahistoria hawezi kujenga nyumba juu ya msingi wa namna hiyo, wala mkristu hana lazima ya kuogopa kusema hivyo. Jambo lenye hakika ni lingine: katika karne hiyo ya 13 watu walikuwa wanakwenda Geel kumwomba Mtakatifu Dimfna, na walikuwa wanawapeleka wagonjwa wa akili. Sababu yake ni rahisi kufahamu. Binti aliyekataa kushindwa na wazimu wa baba yake amekuwa mwombezi wa wote wanaoteswa na wazimu. Mwaka wa 1286 palikuwa na nyumba ya kupokea wagonjwa na wasafiri. Mwaka wa 1349 walianza kujenga kanisa kubwa la mtakatifu, ambalo bado limesimama.

Ubavuni mwa kanisa hilo walijenga nyumba ndogo iliyoitwa chumba cha wagonjwa. Mwenye wazimu alikaa humo siku tisa, akiombewa. Kila siku alipita kwa magoti chini ya kaburi la mtakatifu, na kama hakuweza, mtu mwingine alipita kwa ajili yake. Wengine walirudi kwao wamepoa. Wengine hawakupoa, wakangoja novena ya pili na ya tatu. Na kila mwaka walikuja wengine, na chumba kilikuwa kidogo. Basi makanoniki wa kanisa waliwaomba majirani wawapokee nyumbani mwao mpaka nafasi itakapopatikana.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakuna munganga aliyeitunga, wala mwanateolojia. Chumba kilijaa, ndiyo asili yake yote. Mkulima alimpokea mgeni kwa majuma machache, mgeni akakaa mwaka, halafu miaka kumi, na mwisho alizikwa katika makaburi ya Geel. Sisi huku tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakulima wa Kempen hawakuijua mithali yetu, lakini walifanya hivyo hivyo. Mtu aliyeshindwa kusema habari moja iliyo nyofu aliweza kuchota maji, kulinda watoto, kuongoza ng'ombe, kuvuna viazi. Udongo wa mchanga ulihitaji mikono, na mikono ilikuja pamoja na novena.

Hapa lazima tusahihishe wale wanaosimulia habari za Geel kama hadisi ya utakatifu mtupu. Tangu zamani feza zilikuwamo. Jamaa yenye mali ilimlipia ndugu yake. Aliyekuwa maskini alilipiwa na mfuko wa maskini wa mji au parokia yake, na mji ule wa mbali ukaona ni nafuu kuliko kumtunza gerezani. Wengine wakisikia hivyo huvunjika moyo: Kumbe waliwapokea kwa ajili ya feza! Sisi hatuoni aibu katika jambo hilo. Tukumbuke yule Msamaria wa Injili. Alimfunga mtu vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka katika nyumba ya wageni. Lakini hakumwambia mwenye nyumba amtunze bure. Alitoa dinari mbili. Tena aliongeza jambo ambalo katika mahubiri yetu tunalipita haraka: aliahidi kurudi. Mwenye nyumba alijua kwamba atalipwa iliyozidi, na alijua pia kwamba mtu yule atakuja kuangalia mgonjwa wake yu hali gani. Katika historia ya Geel yote mawili ni ya lazima, malipo na kurudi. Ubaya uliingia kila mara yule aliyelipa aliposahau kurudi.

Na ubaya uliingia kweli. Katika karne ya 17 na ya 18 wakubwa wa mji waliwaagiza wenye nyumba wawafunge wagonjwa wakali na walipe hasara wanayoifanya. Mtu akijua kwamba atalipishwa dirisha la jirani, atatafuta kamba kabla ya kutafuta maneno mazuri. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa nchi ile ilitawaliwa na Wafaransa. Mwaka wa 1797 kanisa la Mtakatifu Dimfna lilifungwa, makanoniki wakatawanyika. Mtu angalifikiri kwamba kazi itakufa pamoja nao. Haikufa. Hapo tunaona kwamba desturi ilikuwa imekwisha kutoka sakristia na kuingia jikoni, na mahali pale askari wa Jamhuri hawakuwa na amri ya kuifunga.

Mwaka wa 1803 kikatokea kitu kipya. Gavana wa Brussels, bwana Pontécoulant, aliona hali mbaya ya wenye wazimu waliosongamana katika nyumba za mji wake, akaamuru wapelekwe Geel kwa feza za mji. Miji mingine ilifuata. Tangu hapo mgonjwa hakuja tena kama mhujaji anayefuatana na jamaa yake. Alitumwa na ofisi. Zile dinari mbili zilikuwapo, lakini ofisi haina miguu ya kurudi. Miji ilitaka bei ya chini; mwenye nyumba aliyelipwa kidogo alitoa kidogo. Munganga mkubwa wa Ufaransa, Esquirol, alipofika mwaka wa 1821, alisifu uhuru wa wagonjwa waliotembea barabarani bila kusumbuliwa na watoto, lakini aliona pia watu wenye pingu za chuma miguuni, na vidonda chini ya pingu.

Aliyekasirika zaidi ni Mbelgiji, Joseph Guislain wa Gent. Inafaa tusimame kidogo kwa mtu huyu, kwa sababu jina lake limefika kwetu. Katika mji wa Gent kanoniki Petrus Jozef Triest alikuwa ameanzisha mwaka wa 1807 shirika la watawa wanaoitwa Frères de la Charité, ambao sisi huwaita mafrere tu. Mwaka wa 1815 mafrere hao walikabidhiwa wenye wazimu waliofungwa chini ya ngome moja ya zamani ya mji, wakawatoa katika minyororo. Tangu mwaka wa 1828 Guislain alikuwa munganga wao, na pamoja na Triest alitunga sheria mpya za nyumba: hewa safi, kazi, upole, munganga kila siku. Mtu wa namna hiyo alipotazama Geel aliona nini? Aliona wakulima wasio na elimu, wagonjwa bila munganga, na chuma miguuni. Alisema kwamba mwenye wazimu anahitaji nyumba iliyojengwa kwa ajili yake na watu waliofundishwa. Hakusema uongo.

Basi katika nchi moja ndogo, mwendo wa siku mbili kwa miguu, njia mbili zilishindana, na zote mbili zilizaliwa katika nyumba ya Eklezya: hospitali yenye ukuta na watawa waliofundishwa, na meza ya mkulima. Wengine walidhani Geel itafungwa.

Haikufungwa, na hapa Serikali ya Ubelgiji inastahili kusifiwa. Tarehe 18 Juni 1850 ilitolewa sheria juu ya wenye wazimu wa nchi nzima. Geel iliwekwa chini ya Serikali na kuitwa koloni. (Neno hilo kwetu lina uchungu, huko lilikuwa na maana ya makao tu, nasi tutasema makao.) Wakati ule kazi ya kuangalia makao ilikuwa ya munganga Parigot, aliyeitetea Geel kwa nguvu, mwaka wa 1852 alitoa kitabu juu ya hewa ya wazi na maisha ya jamaa katika mji ule. Mji uligawanywa sehemu, kila sehemu na munganga wake na walinzi wake waliozunguka nyumba kwa nyumba. Mwaka wa 1862 hospitali ndogo ilifunguliwa pembeni ya mji. Mgonjwa aliyefika alikaa humo kwanza, akachunguzwa, halafu akatafutiwa nyumba iliyomfaa; na akichafuka akili, jamaa haikulazimika kupigana naye, alirudishwa hospitalini kwa siku chache.

Tuangalie kwa makini jinsi sheria zile zilivyofanya kazi, maana hekima yao imo katika mambo madogo. Nyumba moja haikuruhusiwa kuweka kundi la wagonjwa: mmoja au wawili basi, tena wanaume wasichanganywe na wanawake. Hivyo hakuna mtu aliyeweza kufanya biashara kubwa ya wenye wazimu. Waliozoea kuua, kuchoma nyumba, kujiua au kutoroka hawakupelekwa Geel. Chumba cha mgeni kilikaguliwa. Malipo hayakuwa sawa kwa wote: mgonjwa safi alilipiwa kidogo, asiyejizuia usiku alilipiwa zaidi, kwa sababu mama wa nyumba alifua mashuka kila asubuhi. Wale wanaodhani kwamba kutaja mashuka ni kushusha heshima ya historia hawajapata kulala na mgonjwa nyumbani. Katika vitongoji zilijengwa nyumba za kuogea, na wagonjwa walipaswa kuoga huko. Jambo hilo lilikuwa la usafi, lakini mlinzi aliyeona mtu bila nguo aliona pia kama amepigwa.

Na adhabu ya jamaa iliyomtesa mgeni? Alinyang'anywa. Hapo ndipo utaona jinsi malipo na heshima vilivyoshikana. Kunyang'anywa mgeni ilikuwa hasara ya mfukoni, kweli. Lakini zaidi ilikuwa aibu mbele ya mtaa mzima, kwa sababu kila jirani alijua maana yake. Nyumba nzuri zilijivunia wageni wao. Mtoto alizaliwa akamkuta mgeni mezani, akakua naye, na wazazi walipokufa alimrithi pamoja na shamba. Mpaka leo watu wa Geel hawamwiti mgonjwa. Kwa kiflamanki wanamwita *kostganger*, yaani mtu anayekula na kulala kwa mwingine kwa malipo. Neno hilo halifichi feza wala halitangazi ugonjwa.

Hesabu ilipanda. Katikati ya karne ya 19 wageni walikuwa karibu 1000. Mwaka wa 1938 walizidi 3700, katika mji ambao watu wake wote hawakuwa wengi. Mwaka wa 1902 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Antwerpen kujadili utunzaji wa namna hiyo, wakausifu. Waliiga pia. Ubelgiji yenyewe ilifungua makao ya Lierneux mwaka wa 1884, kwa wagonjwa wa upande wa kifaransa. Ufaransa ilifungua Dun-sur-Auron katika miaka ya 1890, halafu Ainay-le-Château. Huko hapakuwa na mtakatifu wala novena, palikuwa na Serikali na wakulima tu. Je, ilifaa? Ilifaa kwa sehemu. Bibi Denise Jodelet, mtaalamu wa Ufaransa, alichunguza maisha ya Ainay-le-Château na kutoa kitabu mwaka wa 1989. Aliona kwamba wenye nyumba, ambao kwa mdomo walisema wazimu hauambukizi, walifua nguo za wagonjwa mbali na nguo zao na kuosha sahani zao mbali. Feza iliwafungulia mlango wa nyumba. Ndani ya nyumba kulibaki mlango mwingine.

Tusidhani kwamba Geel ilikuwa bila mlango huo. Mwaka wa 1966 profesa Leo Srole wa chuo kikuu cha Columbia, Marekani, alianzisha uchunguzi mkubwa, kwa kuogopa kwamba desturi hiyo itakufa kabla ya kuandikwa. Kazi ya kukaa kati ya watu na kusikiliza iliongozwa na Eugeen Roosens wa chuo kikuu cha Leuven. Mtu huyu si mgeni kwetu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa amefanya utafiti kwa Bayaka wa Kwango. Yeye aliyezoea kuandika desturi za watu wa Kongo alirudi kwao kuandika desturi za Wabelgiji wenzake, na sisi tunaona hiyo ni haki nzuri. Aliandika bila kujipendekeza. Mgeni alipendwa, alitetewa, aliliwa naye chakula. Lakini hakuhesabiwa sawa na watu wa nyumba, na kila mtu katika mji alijua mipaka ambayo mgeni hapaswi kuivuka, mgeni mwenyewe akiijua pia. Pale walimvumilia mtu aliyeongea peke yake barabarani au aliyesema yeye ni mfalme. Hawakumponya. Walizoea.

Tukiulizwa tunasema nini juu ya mpaka huo, tunajibu kwamba tunaupendelea kuliko ukuta. Lakini msomaji ana uhuru wa kutafakari neno la Guislain pia, maana kuna wagonjwa ambao upole wa mkulima hauwatoshi, na dawa ni dawa.

Makao ya Geel yalikaa chini ya Wizara ya Haki, iliyokuwa na magereza pia, mpaka mwaka wa 1948. Ndipo yalipohamishiwa Wizara ya Afya. Uhamisho huo unaonyesha jinsi mawazo yalivyobadilika: mgonjwa aliacha kuwa shauri la ulinzi, akawa mtu wa kutunzwa. Na ni ajabu kwamba kuanzia miaka hiyo hiyo hesabu ilishuka bila kusimama. Dawa mpya za miaka ya 1950 ziliwawezesha wengi kubaki kwao. Viwanda vilifunguliwa katika Kempen, mashamba yakapungua, na mgeni hakuwa tena na ng'ombe wa kuongoza. Tena mama wa nyumba, ambaye tangu mwanzo ndiye aliyebeba kazi yote (makanoniki, waganga na mawaziri waliandika sheria, yeye alipika), alianza kutoka asubuhi kwenda kazini. Malipo ya Serikali yalikuwa madogo siku zote, na hayakuweza kushindana na mshahara wa kiwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wageni walikuwa wamebaki kama 500. Siku hizi ni wachache zaidi, wengi wao wazee, na wengi si wenye wazimu bali watu ambao akili yao haikukua tangu utoto.

Hapa historia inageukia upande wetu, kwa sababu Ubelgiji ilituletea njia moja tu kati ya zile mbili. Mafrere wa kanoniki Triest walifika Kongo, wakaja na hospitali. Lubumbashi kuna kituo cha wagonjwa wa akili chenye jina la Joseph Guislain. Bukavu kuna kituo cha Sosame, Goma kuna Tulizo Letu, na ng'ambo ya mpaka wanayo nyumba ya Ndera nchini Rwanda na ya Kamenge nchini Burundi. Tunawashukuru, wengi kati yetu tumewapeleka watu wa parokia zetu katika nyumba hizo, na wamerudi wakiwa na akili zao. Geel haikuletwa. Hospitali inaweza kupakiwa katika meli: matofali, vitanda, dawa, watawa watatu. Majirani wa miaka 600 hawapakiwi.

Wengine watasema haikuwa lazima kuletwa, kwani sisi tunazo jamaa. Neno hilo tunalisikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu wenye elimu, nasi hatulipendi. Ni kweli kwamba mwenye wazimu wa kijiji chetu hulala kwa mama yake, kwa dada yake, kwa mjomba. Lakini katika Geel jamaa iliyompokea mgonjwa ilikuwa na mambo manne ambayo jamaa yetu haina: ilipewa feza kila siku aliyokaa, ilitembelewa na mlinzi, ilikuwa na hospitali ya kumpeleka usiku akichafuka, na jirani wote walikuwa na mgonjwa kama wake, hata haya ikaondoka. Mama wa kwetu anayemtunza kijana wake mwenye kifafa au wazimu hana hata moja. Anauza mkaa wa kununua dawa, na siku dawa ikikosekana sokoni, kamba inarudi. Tukimwona amemfunga mtoto, tusianze na hukumu. Wakulima wa Kempen walifunga pia, tena wakristu wema, wenye kaburi la mtakatifu karibu na mlango. Na hawakuacha kufunga kwa sababu ya hotuba. Waliacha walipopata mtu wa kuwalipa na mtu wa kuwatembelea.

Kutembelea, hilo parokia inaliweza hata leo. Katekista anayezunguka vijiji anajua kila nyumba yenye mgonjwa. Katika miji kadhaa wauguzi wa vituo vya mafrere hutoka kuwafuata waliorudi kwao, nao wakifuatana na mtu wa parokia hupokewa vingine. Lakini dinari mbili, tusijidanganye, sadaka ya dominika haitoshi kuzilipa mwaka mzima kwa wagonjwa wote wa dekania moja. Hata makanoniki wa Geel, wenye kanisa tajiri na wahujaji wengi, hawakulipa peke yao. Walitegemea miji, na mwisho Serikali. Kwa hiyo padri anayekaa na wakubwa wa teritware au wa jimbo, badala ya kuomba bati za kanisa tu, angeweza siku moja kuuliza ni franka ngapi katika hesabu ya mwaka zimetengwa kwa mama yule anayeuza mkaa.

Tunarudi Geel kumaliza. Mwezi wa Desemba 2023 shirika la UNESCO liliandika desturi ya mji huo katika orodha ya kazi njema za kulinda urithi wa watu. Watu wa Geel walifurahi, na sisi pamoja nao. Chumba cha wagonjwa cha zamani bado kipo karibu na kanisa, hakilazi mtu tena. Hospitali ya Serikali bado ina watu wake wanaozunguka kwa baiskeli na kwa motokari kutembelea wageni katika nyumba, bado inalipa kwa siku, na bado inatafuta jamaa mpya. Zinazojitokeza ni chache, na mara nyingi ni watoto au wajukuu wa nyumba zilizokuwa na mgeni tangu zamani.